Samaki Asiye na Nzi

Mama alimgeuza yule samaki mara mbili kwenye karai, akambonyeza kwa kidole gumba, kisha akaniuliza kichwa chake kiko wapi.

Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nimepanga foleni supamaketi, nimepanda kilima cha kwenda kwetu huku mfuko ukinidondoshea maji ya barafu mguuni, na sasa naulizwa habari za kichwa. Nikamwambia wanauza hivyo, bila kichwa.

"Na aliyekikata alikuwa anaficha nini?" akauliza. Alisema kwa lugha ya kwetu, ile ya ziwani, ambayo huitumia akitaka jambo liwe zito.

Kwa mama, kichwa cha samaki ndicho kitambulisho chake. Hufungua mashavu kwa gumba aone kama ndani bado ni mekundu, hutazama jicho kama liko angavu au limeingia ukungu, hubonyeza mgongo aone kama nyama inarudi. Halafu hutazama nzi. Hilo la nzi ndilo kubwa kuliko yote. Kwao alikozaliwa, karibu kabisa na maji, mwenye kuuza samaki hushika tawi la majani na kufukuza nzi kutwa nzima, na mnunuzi akiona meza haina nzi hupita moja kwa moja, maana anajua samaki hao wametiwa dawa. Nimelelewa na sheria hiyo. Nilizaliwa Kericho, katika nyumba za kampuni ya chai ambako mama alichuma majani miaka yote ya nguvu zake, na ziwa huliona tunapokwenda mazishini tu, lakini sheria ya nzi naijua kama ninavyoijua Baba Yetu.

Samaki yule hakuliwa. Mama alikula matonge manne ya ugali kwa mchuzi wa sukuma, akanawa mikono, akarudi kulala.

Yale matonge manne ndiyo yaliyokuwa yakininyima usingizi. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amepasuliwa tumbo, na nilimleta kwangu kwenye vyumba vyangu viwili ili nimwangalie. Kidonda kilikuwa kinafunga polepole mno. Daktari aliniita kando akaniambia waziwazi: asipokula chakula cha kujenga mwili, kidonda hicho kitafumuka, atarudishwa kupasuliwa tena, na mara ya pili mwili wake hautaweza. Nikamjaribu kwa mayai, akasema yananuka. Nyama ilishinda meno yake. Maharagwe yalimjaza gesi akakesha ameshika tumbo. Kitu pekee ambacho macho yake yaliamka kilipotajwa ni samaki.

Basi nikaamua kwamba kama tatizo ni kujua samaki ametoka wapi, nitauliza. Nilidhani ni swali dogo.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilirudi supamaketi. Msichana wa kaunta ya nyama alikuwa anafuta kioo.

"Hii samaki yenu inatoka wapi?"

Akaitazama samaki, akanitazama mimi. "Inatoka kwa friza, madam."

"Kabla ya friza?"

"Kabla ya friza inakuja na lori."

"Na lori inaitoa wapi?"

"Hiyo sasa ni mambo ya sapulaya."

Nikaomba kuonana na meneja. Akaja na tai na tabasamu, akageuza pakiti, akasoma kwa sauti kama anayenisomea barua ya posta. "Imeandikwa hapa. Nairobi."

"Nairobi hakuna ziwa la kuvua samaki."

"Madam, imeandikwa imepakiwa Nairobi. Haijaandikwa imevuliwa Nairobi."

"Sasa imevuliwa wapi?"

Akaniambia hakuna kastoma mwingine aliyewahi kulalamika. Nilitamani kumpiga na ile pakiti.

Nikaenda ofisi ya afya. Bwana niliyemkuta alikuwa mpole, hata kiti alinipa. Akanieleza kwamba wao hupima friza, waone kama inafikia baridi inayotakiwa. Samaki mwenyewe, alikotoka na alichokula, ni mambo ya watu wa uvuvi. Nikaenda kwa watu wa uvuvi. Dada aliyekuwa zamu aliniambia wao hushughulika na vidimbwi vya wakulima, na kama samaki wangu ni wa kutoka nje ya nchi niulize bandarini.

"Bandarini Mombasa?" nikamuuliza. Mimi karani niliyeomba ruhusa ya saa moja tu.

"Eeh, huko. Lakini usijali sana, mama. Mimi mwenyewe samaki sikuli. Mimi ni mtu wa mursik, maziwa yetu ya kibuyu."

Nilirudi kazini nimechelewa, bosi akiwa amesimama mlangoni anatazama saa. Jioni nilimsimulia mama safari yangu yote nikitarajia anionee huruma. Alicheka mpaka akashika kidonda, akaniambia niache kusumbua watu wa ofisi, niende kwa yule mama wa soko.

Yule mama wa soko alikuwa mtu wa kwetu pia, mjane, mwenye meza ya samaki katika soko la mjini. Samaki wake walifika alfajiri wakitoka upande wa Kisumu. Mama alikuwa kastoma wake tangu enzi za kuchuma chai. Kila Jumamosi mchana alikuwa akimpitia, na yule mama humwekea samaki wake, ngege wa ziwani, pembeni chini ya gunia, asiguswe na mtu. Nilipojitambulisha alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za mgonjwa, akanichagulia ngege mwenye kichwa chake, macho yanang'aa. Nzi walikuwa wengi ajabu. Niliwapungia mkono kwa furaha.

Nyumbani mama alifungua mashavu, akakuta mekundu. Nikampika kwa nyanya na kitunguu, akamla mpaka kichwa, akanyonya macho, akaniomba niongeze ugali. Nilitoka nje kwenye kamba ya nguo nikalia nikijifanya naanua shuka.

Baada ya majuma machache alikuwa anatembea hadi langoni na kugombana na kuku wa jirani. Daktari alitazama kidonda akasema tunaendelea vizuri, tusiache tunachofanya.

Kisha ikaingia Julai na baridi yake. Bosi akatupangia kazi za Jumamosi, ikabidi soko nilipitie asubuhi na mapema, nikienda kazini. Juma hilo hilo, kwenye kikundi chetu cha simu cha akina mama wa kanisa, mtu alituma sauti ya mwanamke asiyejitaja, akilia kabisa, akisema kuna wauzaji wanaopaka samaki dawa ya kuhifadhi maiti, na dalili yake ni kwamba nzi hawatui. Niliisikiliza mara tatu. Nilimwona mama amelala na tumbo lake lililoshonwa, nikaisikiliza tena.

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za maduka. Nilimkuta yule mama amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, na mbele yake kuna sanduku jeupe jipya lililojaa barafu, samaki wamelala juu yake wamepangwa vizuri. Kando yangu walisimama wanawake watatu na vikapu vyao, wanachagua. Nikawatazama wale samaki. Hakukuwa na nzi hata mmoja.

"Mbona hakuna nzi?" nikauliza.

Akacheka. "Nzi gani saa hii, dada? Bado wamelala."

Niliona ananidharau. Hasira ya friza, ya meneja, ya zile ofisi mbili, yote ilipanda kwa pamoja. Ningeweza kumuuliza kwa lugha ya kwetu, tukaelewana sisi wawili. Nilichagua Kiswahili, na sauti nikaipandisha.

"Mimi niko na mgonjwa kwa nyumba! Unataka kumuua mama yangu na dawa ya maiti?"

Wale wanawake wakaacha kuchagua. Mmoja akamrudisha samaki aliyekuwa amemshika na kufuta vidole kwenye leso yake. Mwingine akasema, "Hata mimi nilisikia hiyo maneno." Wakaondoka wote watatu.

"Dada," yule mama akaniambia, sasa hacheki tena, "si unanijua? Mama yako ananijua."

Nikamwambia mama yangu atajua leo. Nikaenda zangu kichwa juu, nimeridhika, nikiona kwamba hatimaye kuna mtu mmoja niliyemfikisha mahali pa kukosa jibu.

Mchana jua lilitoka. Nikashuka sokoni kutafuta mboga, na nilipopita kwenye meza yake nikakuta amekwisha kuondoka. Meza ilikuwa bado imelowa, magamba yamegandia kwenye mbao. Nzi walikuwa wameifunika meza nzima. Walikuwa wakitambaa juu ya magamba ya wale wale samaki, wanene, wengi, hawana haraka.

Nilisimama pale kama aliyepotea. Mimi mtoto wa Kericho! Mimi niliyeamka maisha yangu yote kwenye baridi hii, ninayejua kwamba asubuhi ya Julai hata kwenye choo cha shimo huoni nzi, nilikuwa nimekwenda kupima samaki wa barafu, saa moja asubuhi, kwa kipimo cha watu wa joto. Mwenye mboga aliniambia yule mama alifunga mapema kwa kuwa hakuuza hata mmoja. Hakujua ni mimi niliyepiga kelele, au alijua.

Jumamosi iliyofuata meza ilikuwa tupu. Iliyofuata, vivyo hivyo. Niliambiwa amehamia soko la Ndanai, ambako maneno hayajafika. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata, kwa aibu tupu, na nyumbani nikasema amesafiri.

Mama akaanza tena kula matonge yake manne. Akakonda, kamba ya sketi ikaanza kuvutwa zaidi kiunoni. Kidonda kikatoa maji kidogo upande mmoja, na daktari alipokiona akaandika kwa muda mrefu. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dukani. Sasa sikuenda kwa meneja wa tai. Nilienda duka lingine, nikanunua samaki mzima mwenye kichwa, mgumu kama kuni, mashavu yake rangi ya jivu. Nikampeleka kwa mama mmoja anayekaanga karibu na steji, akamyeyusha, akamkata vipande, akamkaanga mpaka akawa mwekundu. Pakiti nikaitupa pale pale kwenye pipa.

"Yule mama amerudi," nikasema nikifika nyumbani.

Mama alikula. Alikula taratibu, akitoa miba na kuipanga ukingoni mwa sahani. "Unaona?" akasema. "Huyu ni wa ziwa. Hata harufu yake tu." Nikasema ndiyo.

Nikaendelea hivyo juma baada ya juma. Siwezi kusema samaki wale walikuwa wabaya. Huenda walikuwa wazuri, huenda walivuliwa kwenye maji safi kuliko ziwa letu, na mpaka leo linanichemsha damu kwamba sitajua kamwe, kwa sababu kila niliyemuuliza alinirusha kwa mwenzake. Ninachojua ni kwamba kidonda kilikauka. Mama akarudi langoni kwa kuku. Kila alipoomba kabla ya kula, alimwombea yule mama wa soko, Mungu ambariki mikono yake. Nilikuwa nikiomba macho wazi, nikitazama sahani.

Jirani yetu, mwenye wale kuku, ni mwanamke kijana wa hapa hapa. Alikuwa mjamzito wa miezi mingi, na licha ya ugomvi wa kuku alizoea kumletea mama maziwa Jumapili, akimwita kogo, kama wanavyowaita nyanya zao. Jumapili moja alitukuta mezani. Akaketi, akamtazama mama anavyokula, akasema kliniki wamemwambia ale samaki lakini anaogopa.

"Nilisikia kuna mama sokoni alikuwa anaweka dawa," akasema. "Na ya supamaketi hata siwezi. Lakini kogo amenona. Niletee ile yako, ya huyo mama mnaamini. Hii tumbo si yangu peke yangu."

Mama akajibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Atakuletea. Huyu aligombana na ofisi mzima juu ya samaki. Hawezi kukupa kitu yeye hajui."

Kulikuwa na nafasi ya kusema sawa. Nilimtazama yule mwanamke, mkono wake umekaa juu ya tumbo, na mdomo wangu ukakataa.

"Ni ya supamaketi," nikasema. "Hiyo kogo anakula, naitoa supamaketi. Na yule mama wa soko hakuweka dawa. Mimi ndiye nilipiga hiyo kelele, na nilikuwa nimekosea."

Niliwaeleza yote, nzi na barafu na kikaango cha steji. Jirani alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Nilipomaliza alisimama kwa adabu, akasema si neno, atakula mayai, akaenda kwake.

Mama alichukua kitambaa cha meza akafunika sahani yake.

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Na mimi nilikuwa namwombea," akasema.

Hapo nikalipuka. Nikamwambia alitaka nifanye nini, nimuangalie akifumuka tumbo? Nikamwambia nimezunguka mji mzima, hakuna hata mmoja aliyeniambia ukweli, si duka, si ofisi, na sasa mimi peke yangu ndiye mwongo? Nililia nikiongea, nikapiga meza, mchuzi ukamwagika.

Alisubiri nimalize. "Wao hawakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Siku ya soko iliyofuata niliomba ruhusa, nikaenda Ndanai. Nilimkuta chini ya mwavuli, sanduku lake jeupe kando, tawi la majani mkononi, maana huko kuna joto kidogo na nzi wapo. Aliniona, hakunisalimu. Akawauzia wote waliokuwepo, na wengine waliokuja baada yangu, nami nimesimama na kikapu changu. Mwishowe akasema, "Umekuja kuhesabu nzi?"

Nikaanza kuomba msamaha kwa lugha ya kwetu, chini chini. Akanikatiza.

"Sema kwa Kiswahili. Wasikie."

Nikasema kwa Kiswahili. Wanawake wa Ndanai wakageuka wakanisikiliza mpaka mwisho, na mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni mzima. Yule mama hakuniambia amenisamehe. Alifunga ngege wawili kwa gazeti, akanipa, akasema, "Hizi ni za mama. Mwambie pole."

Nilifika nyumbani jioni, nikawaweka kwenye karai mbele ya mama, wabichi, na vichwa vyao. Nikamwambia nimetoka Ndanai kwa yule mama, nikampa salamu zake.

"Wapike tu," akasema, bila kuwafungua mashavu.

Nikawapika. Akala nusu, akasema asante kama anavyomwambia mhudumu wa hospitali.

Sasa huenda Ndanai kila ninapopata nafasi. Mama ananiuliza kama mvua ilininyeshea njiani, anauliza hali ya mjane wake, anakula anachokula. Kidonda kimepona, na daktari hataki tena kutuona kila mwezi. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamsogezea karai lenye ngege mpaka magotini. Nikamwambia, Mama, tafadhali, mfungue mashavu umtazame. Akaniambia niache, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemkuta kitandani akishona kifungo cha sweta, ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe, bila miwani.